Nitamsimamiaje mtu ninayemwamkia shikamoo?

Binti Kurasini (mleta uzi)
Habari za leo wakuu. Wakubwa wangu shikamooni.

Nina miaka 29, nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar. Tangu mwezi wa tatu nimepewa kusimamia kitengo cha utoaji mizigo, tuko watu wanane pamoja na mimi. Mmoja wao ni mzee wa miaka 58. Bandari anaijua tangu mamlaka yake ikiitwa THA (Tanzania Harbours Authority), yaani kabla ya 2005, na nilipoajiriwa yeye ndiye alinizungusha kunionyesha nani anakaa dirisha gani na nani usimsumbue kabla hajanywa chai. Kila asubuhi nampa shikamoo yake, ananiitikia "marahaba mwanangu", siku inaanza.

Wiki mbili zilizopita meneja alikuja na mteja mkubwa ofisini kwetu. Mzee akaingia na makaratasi, nikainuka nikamwamkia kama kawaida. Mteja alipoondoka meneja akanivuta pembeni. Eti bosi hamwamkii mtu wa chini yake mbele ya wageni, eti najishusha, ndiyo maana kitengo hakinisikilizi. Nikaacha. Sasa kila mtu nampa "habari za asubuhi" moja ya jumla. Mzee anajibu "salama, bosi", na hilo bosi analitamka kama mtu anayetema mbegu ya ndimu.

Juzi kontena la mteja limelala siku mbili za ziada kwa sababu karatasi moja alikuwa nayo yeye na hakusema. Storeji, ile tozo ya mzigo kukaa bandarini, inahesabiwa kila siku, mnajua wenyewe.

Nirudie shikamoo nionekane mtoto, au nikaze hivihivi?

Kibatari
Rudisha salamu ya mzee wa watu. Nimewahi kumwona mkuu wa wilaya akimwamkia mama ntilie shikamoo, akanunua maandazi yake, na jioni bado alikuwa mkuu wa wilaya.

Ngalawa Mbovu
Mimi sikubaliani. Ofisini kuna vyeo. Ukishampa mtu shikamoo saa mbili asubuhi, saa tano utamwambiaje kwamba amekosea? Kazini "habari" inatosha. Shikamoo mpe mkikutana msibani au kwenye daladala.

Kibatari
@Ngalawa Mbovu kwa hiyo heshima tunaivua getini kama helmeti?

Mtaa wa Nyuma
Nawasoma kutoka Nairobi nacheka tu. Huku ukimwamkia mtu shikamoo ofisini atageuka nyuma kuangalia ni nani mwingine ameingia. Sisi ni mkono, "habari ya asubuhi", kazi. Lakini nilipokuja Dar kikazi niliingia ofisi moja nikaanza moja kwa moja na shida yangu. Dada wa mapokezi akaniangalia, akaniambia taratibu, "Kaka, hatujambo." Sijasahau mpaka leo.

Mama Tuma
Marahaba mwanangu. (Naona wakubwa wenzangu wote wamepita hapa bila kuitikia.)

Nimestaafu baada ya kukaa masjala na baadaye utumishi miaka mingi. Kabla sijasema lolote nina maswali mawili. Yule mteja mkubwa, mzee alipoingia, yeye alifanya nini? Na hiyo karatasi ya kontena, uliiombaje?

Binti Kurasini
Mama, mteja naye alimwamkia shikamoo. Tena alitangulia kabla yangu.

Karatasi niliiulizia kwenye grupu la WhatsApp la kitengo. Niliandika hivi: "Nataka karatasi za kontena la jana SAA HII." Hakujibu. Baadaye nikatuma "??"

Ngalawa Mbovu
Alama mbili za kuuliza! Kwa mtu wa miaka 58! Na vijana wote wanaangalia! Nafuta niliyoandika hapo juu.

Mama Tuma
Umenijibu vizuri, na bila kuficha.

Meneja wako alihofia mgeni ataonaje, kumbe mgeni mwenyewe alishamwamkia mzee. Hilo siku moja mwambie, kwa upole, mkiwa wawili. Siyo kwenye grupu.

Sasa la mzee. Watu wanadhani kwenye shikamoo anayefanya kazi ni yule anayeamkia. Hata kidogo. Anayesema marahaba amepokea mzigo. Akishakuita mwanangu mbele ya watu hawezi kukuacha uaibike naye yupo, maana aibu yako inamgusa. Ulipomnyang'anya marahaba yake ulimfungua hiyo kamba. Ndiyo maana alikaa na karatasi mfukoni akakuangalia tu. Simtetei, alikosea kazi. Nakuonyesha kosa lilipoanzia.

Halafu hilo "nataka". Sisi "nataka" tunamwambia muuza nyanya, tena siku tuna haraka. Kazini ni "naomba". Ukimwandikia "Mzee shikamoo, naomba karatasi za kontena la jana kabla ya saa sita, mteja anasubiri", saa sita ni saa sita ileile na amri ni ileile. Na ya mtu mmoja mpelekee mtu mmoja. Grupu ni la matangazo.

Usimwite ofisini kwako. Nenda wewe mezani kwake, mapema, piga hodi, mwamkie, muombe radhi kwa ajili ya zile meseji na ile salamu uliyomnyima. Basi, ondoka. Suala la kontena liache kwanza. Ukiomba radhi na kukemea kwa pumzi moja, atasikia kukemea tu. Siku nyingine mkalishe umwambie wazi kwamba siku mbili zile ofisi imelipa na haitakiwi kujirudia, na kama kuna kuandikwa, uandike. Shikamoo haijawahi kumkinga mtu na barua ya onyo. Nimeziandika nyingi, na wengi wao asubuhi nilikuwa nimewaamkia.

Kahawa Chungu
Niko Muscat. Huku kwa wenyeji mazungumzo ya biashara hayaanzi kabla ya kahawa na tende, na usipotikisa kikombe kuonyesha umetosheka wanakuongezea tu. Siku ya kwanza nilikunywa vikombe saba nikiona aibu kukataa.

Kibatari
@Kahawa Chungu mkuu, hii inahusianaje na kontena?

Kahawa Chungu
Haihusiani sana. Nilitaka tu mjue kuhusu vikombe saba.

Binti Kurasini
Mrejesho. Leo nimewahi, nimefika wenzangu hawajaingia. Nikapiga hodi mezani kwake, nikamwamkia, nikaomba radhi kama mama alivyoniambia. Alikaa kimya mpaka nikadhani haitikii. Mwisho akasema, "Marahaba." Mwanangu hakusema. Nimegeuka kuondoka akaniita: "Yule wa dirisha la nne amehamishwa. Karatasi zako za leo usimpelekee, zitalala."

La kontena tumepanga kukaa Ijumaa.

Ngalawa Mbovu
Na zile ?? umezifuta?

Binti Kurasini
Nimejaribu. WhatsApp imegoma, muda umepita.