Jeni za kiinitete zinatafuta nini katika saratani ya damu?

Mwalimu wa baiolojia, Njombe
Kamwene, ndugu zangu. Nilipofundisha jeni za HOX, zinazopanga mwili wa kiinitete kuanzia kichwani hadi mkiani, na ambazo zikivurugika kwa nzi wa matunda humwotesha miguu mahali pa papasi, mwanafunzi aliyefiwa na mdogo wake kwa lukemia aliniuliza kwa nini jeni hizohizo hukutwa zikifanya kazi kwa nguvu katika damu ya wagonjwa. Nilimjibu kwamba zimeamka kabla ya wakati, kama kiazi kinachochipua ghalani. Jibu hilo halijaniridhisha. Ni kitu gani kinachoziamsha?

Mteknolojia wa maabara, Mbeya
Mwalimu, mfano wa kiazi unaifaa jeni ya TLX1, ambayo kiinitete huihitaji kinapojenga bandama. Katika seli T (aina ya chembe nyeupe za kinga) zinazokomaa, jeni hiyo huwa imefungwa. Kipande cha kromosomu ya 10 kikikatika na kuungana na kromosomu ya 14, TLX1 hujikuta kando ya swichi za jeni ya kipokezi cha seli T, ambazo katika seli hizo huwa zimewashwa. Herufi zake zote za DNA ni nzima. Kilichobadilika ni jirani.

Daktari, Iringa
Nakubaliana na mwenzangu, ila HOXA9 ina habari tofauti, nayo ndiyo inayomgusa zaidi mwanafunzi wako. Jeni hii na mwenzake MEIS1 hazilali mtu anapozaliwa: seli mama za damu ndani ya uboho huendelea kuzitumia, kisha huzizima kadiri zinavyokomaa. Kwa hiyo ubaya hapa ni kushindwa kulala.

Protini ya KMT2A, ambayo wengi waliizoea kwa jina la MLL, huweka alama kwenye histoni, yaani protini ambazo uzi wa DNA huzungushiwa, ili jeni za HOX zibaki wazi. Jeni ya KMT2A, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, ikikatika na kuungana na jeni kama AF4 au AF9, huzaliwa protini chotara inayovuta kimeng'enya cha DOT1L hadi kwenye HOXA9, nacho huongeza alama nyingine za kuiacha wazi. Uboho hujaa seli changa zisizokomaa. Mpasuko huu ndio unaokutwa kwa wengi wa watoto wenye lukemia kali ya limfu kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Mwalimu wa baiolojia, Njombe
Ahsante sana, Daktari. Nitalisahihisha jibu langu darasani. Je, jeni iliyokataa kulala inaweza kulazwa?

Daktari, Iringa
Inawezekana kwa baadhi ya wagonjwa, Mwalimu. Chotara huyo hawezi kushika DNA barabara bila kushikana na protini iitwayo menini, na dawa ya revumenibu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2024, huziba mahali hapo wanaposhikania. HOXA9 na MEIS1 hushuka, na seli zilizokwama huanza kukomaa, wakati mwingine kwa kasi inayoleta homa na maji kwenye mapafu, kwa hiyo mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu.