Metformini haitoshi kwa bi mkubwa: Daonil, Diamicron au sindano?

Mwaloni_Kirumba
Mwangaluka wakuu. Bi mkubwa ana kisukari, anameza metformini 500 asubuhi na jioni. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inacheza 11 hadi 13. Daktari anataka aongezewe dawa ya pili. Katuwekea Daonil, Diamicron, dapagliflozini au sindano ya insulini ya usiku, kasema tukae nyumbani tuangalie mfuko, turudi Jumatatu. Nimeulizia hapa Kirumba, Mwanza, Daonil ni bei ya chenji, dapagliflozini inauma. Mnaozijua, nichukue ipi?

Mzee_wa_Sato
Mmeimaliza ya kwanza mpaka mkatafuta ya pili? Gramu moja kwa siku ni nusu dozi. Metformini inapandishwa 500 kila wiki hadi gramu moja asubuhi na gramu moja jioni, na inamezwa katikati ya chakula. Wengi hukwamia 500 mara mbili kwa sababu tumbo liliwachafuka wiki ya kwanza. Ukipanda polepole linatulia. Likigoma, kuna kidonge kinachoachia dawa taratibu. Hiyo haivunjwi wala haitafunwi, na ganda lake likionekana chooni msishtuke, dawa imeshatoka ndani.

Mfamasia_Nyakato
Mzee wa Sato, usimpandishie mtu metformini gizani. Na wewe mleta mada hujasema kitu. Umri? Uzito? Kreatinini, kile kipimo cha figo? HbA1c, ule wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu? Dawa nyingine anazomeza, pamoja na za maumivu na za miti? Anakaa na nani? Bila hayo tunapiga ramli.

Bwiru_Juu
Diamicron ya kuachia taratibu, mjadala umefungwa. Anaanza na miligramu 30 pamoja na chai ya asubuhi, inapandishwa kidogo kidogo, mwisho 120. Mara moja kwa siku, basi. Tahadhari moja: ile ya kawaida ni 80, na 80 ya kawaida ni sawa na 30 ya kuachia taratibu. Duka likikubadilishia bila kusema, dozi inavurugika. Daonil ilikuwa ya enzi za babu.

Mzee_wa_Sato
Ya enzi za babu lakini inashusha. Na huikosi hata kisiwani Ukara.

Nesi_Igoma
Inashusha, na hapo ndipo penye shida. Kuna mgonjwa aliletwa wodini, mtu mzima sana, Daonil 5 asubuhi, 5 jioni. Alipata homa, akaacha kula, vidonge hakuacha. Dukani wakampa Septrin, antibiotiki, juu yake. Septrin inaipa nguvu Daonil, inazuia mwili usiiondoe haraka. Saa tisa usiku jasho linamtiririka, anaongea vitu visivyoeleweka, ndugu wakasema malaria imepanda kichwani. Kumpima sukari: 1.9. Akawekewa dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya mshipa, haikupita robo saa amekaa anaomba uji. Ndugu wakaona amepona, wakasaini, wakaondoka naye. Alfajiri kaletwa tena, safari hii haitiki kabisa, 1.6.

Sababu ni hii: ile dekstrosi inaisha mwilini mapema, Daonil bado ipo. Ini likishaivunja, mabaki yake nayo yanaendelea kushusha sukari, na yanatoka kwa njia ya figo. Figo zikiwa zimechoka yanarundikana. Kwa hiyo mtu aliyeanguka kwa Daonil haruhusiwi kwenda nyumbani eti kwa sababu ameamka. Anabaki na dripu, anapimwa kila saa, saa 24 au zaidi. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu linaitaja gliklazidi, ndiyo Diamicron, kuwakilisha kundi la dawa hizi, na linasema glibenklamidi, ndiyo Daonil yenyewe, haifai kwa aliyevuka miaka 60. Mleta mada, taja umri.

Mwaloni_Kirumba
Samahani wakuu, nilikuwa mwaloni. Miaka 71. Kilo 58. Kreatinini mwezi uliopita 142. HbA1c 7.1. Presha anatumia amlodipini 10. Magoti yanamsumbua, anameza diklofenaki karibu kila siku, hununua mwenyewe. Unga wa mlonge kwenye uji. Anakaa Nansio, kisiwani Ukerewe, na wajukuu wawili, mkubwa ana miaka 14. Umeme upo, friji hakuna.

Mfamasia_Nyakato
Haya ungeyaandika mwanzo. Kreatinini 142 kwa mwanamke wa miaka 71, uchujaji wa figo unaangukia kama 34. Ikiwa kati ya 30 na 45, metformini mwisho ni gramu moja kwa siku, na hapo ndipo alipo. Ikishuka chini ya 30 inaachwa kabisa, maana inajaa mwilini na damu inageuka kuwa na tindikali. Mzee wa Sato, zile gramu mbili zako zingempeleka huko.

La haraka zaidi kuliko dawa ya pili: diklofenaki iache leo. Inabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, na ni mojawapo ya sababu za presha kugoma. Magoti apewe parasetamo, na dawa ya kupaka. Kisha kreatinini ipimwe upya baada ya wiki mbili hivi. Ikirudi 100, hesabu yote inabadilika na machaguo yanaongezeka.

Mzee_wa_Sato
Nimekubali kuhusu figo. Lakini Jumatatu daktari atataka jibu, hatasubiri wiki mbili.

Bwiru_Juu
Diamicron bado inafaa kwa figo hizo, unaanza na 30 na unabaki hapo huku unapima.

Mfamasia_Nyakato
Inafaa kwa uangalizi, na mwangalizi ni mtoto wa miaka 14 kisiwani. Kuna kundi ambalo daktari hakulitaja, muulize: vildagliptini. Kwa figo zake ni 50 mara moja kwa siku badala ya mara mbili. Ikiwa na metformini tu, hatari ya sukari kuanguka ni ndogo sana. Mtego uko kwenye vidonge vilivyochanganywa na metformini ndani, vinatengenezwa vimezwe mara mbili kwa siku. Akipewa vile vya 50 na 1000, anakuwa amevuka kipimo cha zote mbili bila kujua.

Dapagliflozini 10 ni nzuri kwa kulinda figo, ila kwa uchujaji wa 34 sukari yenyewe haitashuka sana, maana dawa inafanya kazi kwa kumwaga sukari kwenye mkojo na figo zinachuja kidogo. Ukilipia, ujue unalipia figo. Fangasi sehemu za siri ni kawaida, aoshe na akauke vizuri. Akianza kutapika, kuharisha au asipokula, anaisimamisha, na metformini vilevile, mpaka ale na anywe kama kawaida.

Mti_Dawa
Mbona mnaruka mlonge? Mlonge unashusha sukari, watu wametumia miaka yote.

Mfamasia_Nyakato
Metformini nayo asili yake ni mmea, unaitwa Galega officinalis. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge najua kuna miligramu 500. Kwenye kijiko chako cha mlonge kuna ngapi?

Mti_Dawa
Kijiko ni kijiko.

Nesi_Igoma
Mimi nina swali lingine. HbA1c 7.1 ni wastani wa sukari kama 8.7 kwa miezi miwili mitatu. Anaamkaje na 12 kila siku? Kimoja kinadanganya. HbA1c inashuka kwa uongo pale chembe za damu zinapokufa mapema, kama kwa mwenye selimundu, na huku Kanda ya Ziwa selimundu ni nyingi. Damu yake ikoje? Upande wa pili ni mashine. Stripu zinakaa wapi?

Mwaloni_Kirumba
Mjukuu anazitoa kwenye kopo anaziweka kwenye kimfuko cha plastiki, kopo wanawekea chumvi.

Nesi_Igoma
Mungu wangu. Lile kopo lina dawa ndani ya kifuniko inayonyonya unyevu, ndiyo maana halitakiwi kukaa wazi hata dakika mbili. Kwa unyevu wa ziwani stripu hizo zimeshakufa. Tafuta kopo jipya, mwanzoni andika tarehe ya kufungua. Anawe mikono kwa sabuni na akauke. Mwenye maji ya embe kidoleni atasoma 15 na hana 15. Achomwe pembeni ya ncha ya kidole, si katikati. Apime siku nne asubuhi, na siku mbili apime pia saa mbili baada ya chakula cha mchana, ndipo mzungumze dawa. Mnaweza kuwa mnatibu stripu.

Kamanga_Feri
Na sindano mmeikimbia yote? Insulini ya usiku, ile nyeupe kama maziwa, kwa mzee mwembamba mwenye figo hizo inaanzia uniti 0.1 kwa kilo, yaani uniti 6 kabla ya kulala. Inapandishwa uniti 2 kila baada ya siku kadhaa kwa kuangalia sukari ya asubuhi. Kichupa unakizungusha viganjani mara kumi, hukitikisi. Ukiona punje zimeganda kwenye kioo kama ukungu wa barafu, tupa. Bomba liwe la uniti 100, kifuniko cha rangi ya chungwa. La kifuniko chekundu ni la uniti 40, ukilitumia kwa kichupa cha 100 unampa mara mbili na nusu.

Mwaloni_Kirumba
Friji hakuna mkuu.

Kamanga_Feri
Kichupa kilichofunguliwa kinakaa kama wiki nne bila friji, mradi hakipati jua wala joto la jikoni. Vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowana katikati, kivulini penye upepo. Kando ya ziwa hewa ina unyevu kwa hiyo haipoi kama Shinyanga, lakini inasaidia. Ila piga hesabu: kichupa cha mililita 10 kina uniti 1000, yeye kwa wiki nne atatumia 168. Nyingine mnamwaga. Ulizia katriji za kalamu ya insulini za mililita 3, zina 300.

Dada_Nansio
Mmeongea dawa zote, hakuna aliyeuliza anakula nini. Michembe, yaani viazi vitamu vya kukausha, mchana na ugali wa udaga, yaani wa muhogo, usiku, halafu mnashangaa 12 asubuhi?

Bwiru_Juu
Dada usiiguse michembe.

Dada_Nansio
Siigusi, napunguza. Vipande vinne badala ya bakuli, na dagaa wengi na mchicha pembeni. Usiku ale kabla ya saa mbili.

Mzee_wa_Sato
Udaga na dona ipi inapandisha zaidi?

Dada_Nansio
Zote zinapandisha. Hata dona ukila mlima itapandisha.

Mwaloni_Kirumba
Diklofenaki nimepiga simu wameificha, amekasirika. Stripu nanunua leo ziende na meli ya kesho. Jumatatu naenda na majibu ya kreatinini mpya au nisubiri zile wiki mbili? Na stripu nichukue kopo la 25 au la 50?

Nesi_Igoma
25. La 50 likishafunguliwa litazeeka kabla halijaisha.