Tupeane uzoefu: diski ya mtandao ya nyumbani inapokukatalia ruhusa

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale waliowahi kupambana na diski ya mtandao (NAS) ya nyumbani: folda unaiona, picha unazifungua, ila ukitaka kuhifadhi au kufuta unaambiwa huna ruhusa. Au wewe unaweza, mwenzako hawezi, na wote mko kwenye ruta moja.

Ombi langu ni moja: ukileta kisa, leta na chanzo chake. "Nikapiga chmod 777 ikakubali" (amri inayompa kila mtu ruhusa zote) haihesabiki hapa. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea, na siku kirusi kikiingia kwenye kompyuta yoyote ya nyumbani kitakuta kila kitu kinaandikika.

Naanza mimi. Seva yetu ni Linux yenye Samba (programu ya kushirikisha mafaili na kompyuta za Windows), watumiaji wawili, baba na mama. Kila aliyeweka faili ndiye pekee aliyeweza kulihariri. Nikapiga `ls -l` (orodha ya mafaili na ruhusa zake), nikakuta hivi:

`-rw-r--r-- 1 baba baba bajeti.ods`

Jibu liko hapohapo: r ni kusoma, w ni kuandika. rw ya kwanza ni ya mwenye faili, r ya pili ni ya kundi, r ya tatu ni ya wengine wote. Mama yuko kwenye "wengine", basi anasoma tu. Hiyo ndiyo kawaida ya umask 022 (namba ya ruhusa zinazoondolewa kwa kila kinachozaliwa): faili jipya linazaliwa na 644, folda na 755. Tarakimu tatu ni za mwenye, kundi na wengine; 4 ni kusoma, 2 kuandika, 1 ni x, yaani kuingia kwenye folda, na hujumlishwa.

Nikatengeneza kundi `familia`, wote tukaingizwa humo, folda nzima nikaikabidhi kundi kwa `chgrp -R`, kisha folda zikapewa 2775 na mafaili 664. Ile 2 ya mbele ndiyo watu wanaiacha. Bila hiyo, faili jipya linachukua kundi la aliyelitengeneza. Ikiwepo, linarithi kundi la folda. Kwenye mipangilio ya Samba nikaongeza `force group = familia`, `create mask = 0664` na `directory mask = 2775`. Kelele zikaisha.

Mzee wa Terminali
Ongezea hapo mkuu: folda na mafaili vipewe ruhusa kwa amri mbili tofauti, `find . -type d` kwa folda na `find . -type f` kwa mafaili. Ukipiga `chmod -R 664` kwa pamoja, folda zinapoteza x, na folda isiyo na x haiingiliki hata kama ni yako.

Kibodi Kimya
Kwangu seva haikuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa Windows. Kompyuta ilikuwa imeshaunganishwa na folda ya umma kwa akaunti moja, nikataka kufungua folda yangu kwa akaunti nyingine. Nywila sahihi, inagoma. Hitilafu namba 1219: Windows haikubali majina mawili ya mtumiaji kwenye seva moja kwa wakati mmoja.

Andika `net use` uone miunganisho iliyopo, halafu `net use * /delete` kuikata yote (funga kwanza mafaili uliyofungua). Nenda pia pale Windows inapotunza nywila, futa ile ya zamani, la sivyo itaingia nayo tena kimyakimya. Na kuna ujanja: fungua seva kwa namba ya IP badala ya jina, Windows inaiona kama seva nyingine kabisa.

Mama Pikseli
Mimi natumia NFS (njia nyingine ya kushirikisha mafaili, badala ya Samba), na hapa wengi wanapotea kwa sababu jina halina maana. NFS ya kawaida inatazama namba ya mtumiaji. Kwenye Mac akaunti ya kwanza ni 501, kwenye Ubuntu ni 1000. Jina lako linafanana pande zote mbili, lakini kwa seva nyinyi ni watu wawili wasiojuana. Andika `id` kila upande, ulinganishe.

Kilichonishangaza ni kwamba hata `sudo` (kupiga amri kama root, msimamizi mkuu) ilikataliwa. Kumbe root wa mbali anageuzwa kuwa `nobody` na kanuni ya root_squash, na ni vizuri iwe hivyo. Kwa nyumbani nilimaliza kwa `all_squash,anonuid=1000,anongid=1000`: yeyote aandikaye anahesabiwa kuwa mtu mmoja. Kama mnataka kutofautisha mali ya nani ni ipi, hiyo haitawafaa.

Saa Nane Usiku
Diski yangu ya USB ilichomekwa kwenye seva, nikapiga chmod mpaka vidole vikachoka, hakibadiliki kitu. Ni exFAT (mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye diski). exFAT na FAT32 hazina mahali pa kuandika ruhusa za Linux; zinapangwa wakati wa kuiunganisha diski, kwa `uid=`, `gid=` na `umask=`. Kama diski haitachomolewa kwenda kwingine, ihamishie ext4 (mpangilio wa Linux), ila kwanza nakili vilivyomo, maana kuiformati kunafuta kila kitu.

Waya Mrefu
Na sisi wa Windows 11 Pro toleo la 24H2? Folda ya mgeni isiyo na nywila ilifungwa ghafla baada ya sasisho.

Kibodi Kimya
Toleo hilo linadai kila muunganisho uwe na sahihi ya SMB (lugha ya kushirikisha mafaili ambayo Samba nayo huitumia), na mgeni asiye na nywila hana cha kutilia sahihi. Fungua akaunti yenye nywila kwenye NAS, mambo yaishe. Atakayekushauri urudishe SMB1, toleo la kwanza la SMB, mpuuze. Kirusi cha WannaCry cha 2017 kilisambaa kupitia tundu la humo.

Mama Pikseli
Swali kwa mwanzisha uzi. Nimeweka 2775 kama ulivyosema. Faili jipya linakaa sawa, ila ninayoyahamisha kutoka folda ya upakuaji yanakuja na kundi la zamani.

Mwanzisha uzi
Ni kwa sababu ya `mv`. Ndani ya diski ileile, `mv` haitengenezi faili jipya, inabadilisha anwani tu, kwa hiyo mwenyewe na kundi vinabaki vilevile. `cp` ya kawaida inatengeneza jipya, nalo linarithi kundi. Ama nakili kisha ufute, ama ipe folda ya upakuaji nayo kundi `familia` na ile 2.

Waya Mrefu
Akaunti nimefungua, naingia, nasoma kila kitu kwenye folda moja, nyingine haifunguki kabisa. Seva yangu pia ni Linux. Nianzie wapi?

Mwanzisha uzi
Kwanza `smbstatus`, uone seva inakutambua kwa jina gani. Halafu kwenye seva yenyewe jaribu kutengeneza faili kwa jina lako: `sudo -u jinalako touch /mnt/hifadhi/picha/jaribio`. Ikikubali, tatizo liko kwenye mipangilio ya Samba. Ikikataa, Samba haina hatia, tafuta kwenye ruhusa za folda.

Waya Mrefu
Imekataa. Lakini `picha` yenyewe ina 2775 na kundi `familia`, nami nimo!

Mzee wa Terminali
Panda juu. Andika `namei -l /mnt/hifadhi/picha`, itakuonyesha ruhusa za kila hatua ya njia.

Waya Mrefu
`hifadhi` ni drwx------ ya root, yaani root peke yake ndiye anayeingia.

Mzee wa Terminali
Ndiyo hiyo. `chgrp familia /mnt/hifadhi`, kisha `chmod g+x /mnt/hifadhi`. x peke yake inatosha kupita. Ile r usiiweke kama hutaki waone orodha ya folda nyingine zilizomo.