Tupeane uzoefu: gari ikigongwa, kotesheni (karatasi ya makadirio ya bei) ya gereji unaisomaje, na spea gani hasa wanakufungia?

Wakuu heshima kwenu. Naleta hii mada nikiwa bado na maumivu, na naomba kila mwenye kisa chake akiweke hapa ili mwingine asipite nilikopita.

Nina Toyota IST ya zamani, ile ya modeli NCP61. Mwezi wa tatu nikiwa barabara ya Mandela karibu na Buguruni bodaboda ikanichomekea, nikakanyaga breki, gari ikaserereka ikaingia kwenye mkia wa Kenta. Mimi mzima namshukuru Mungu, ila mbele kulia pote kumeharibika: bampa, shoo, taa, fenda, boneti imekunjika ncha. Sina bima kubwa, ile inayolipa hata gari yako mwenyewe, kwahiyo ni mfuko wangu. Nikaenda gereji mbili. Ya kwanza wakaniandikia mstari mmoja tu, "matengenezo ya mbele, spea na ufundi, 1,900,000". Ya pili wakanipa karatasi ina mistari 14, kila spea na bei yake, kuvua na kufunga peke yake, kunyoosha peke yake, rangi peke yake, jumla 2,600,000. Nikaona hawa wa pili wananipiga, nikapeleka kwa wale wa mstari mmoja. Nikawauliza spea ni orijino? Wakasema orijino bosi, mpya kabisa, tena zipo kwenye boksi.

Gari ikatoka inang'aa. Wiki ya tatu mvua ikanyesha, asubuhi naangalia taa ya kulia ndani imejaa ukungu kama kioo cha bafuni, ya kushoto kavu. Usiku mwanga wa kulia unapiga juu kwenye miti. Kati ya bampa na fenda upande wa kulia kidole changu kinapita, kushoto hata kadi ya simu haipiti. Nikaenda kumwaga oili kwa fundi mwingine nikamwambia hebu vua bampa tuone. Jamani. Ile sponji ya ndani inayokaa mbele ya chuma cha bampa haipo. Chuma chenyewe ni kile kile cha zamani kimegongwa nyundo kikapakwa rangi nyeusi, bado kina mkunjo naushika kwa mkono. Bampa limeshikwa na skrubu 3 na waya wa kufungia nondo. Kurudi gereji naambiwa mbona kotesheni haikuandika chuma wala sponji? Kweli haikuandika, haikuandika kitu chochote! Na boksi la taa hawana, walishalitupa.

Kwahiyo swali langu, nyie mnafanyaje? Karatasi mnaisomaje kabla ya kutoa hela?

Fundi bodi, Ilala

Pole sana mkuu. Mimi ni fundi bodi mwaka wa 16 huu na nataka niseme kitu kimoja watu wanakichanganya sana. Mpya na orijino ni vitu viwili. Spea inaweza kuwa mpya na isiwe orijino, na inaweza kuwa orijino na isiwe mpya. Mteja anauliza moja anajibiwa nyingine, hapo ndo anapopigwa.

Kuna mpya ya Toyota mwenyewe, boksi lina namba ya spea, namba ina tarakimu 10, tano za kwanza zinasema ni kitu gani (52119 ni bampa la mbele, 53301 ni boneti) na za mwisho zinasema ni la gari gani. Kuna ya kiwanda kinachomtengenezea Toyota, mfano Koito na Stanley kwenye taa, Denso kwenye rejeta na mambo ya AC, ni mkono ule ule ila boksi ni la kwao. Halafu kuna kopi. Kopi nazo haziko sawa, za Taiwan kama Depo na TYC ni kampuni zinajulikana na zinakaa vizuri tu, na kuna kopi haina jina wala namba, hiyo ndo inaingiza maji. Mwisho kuna mtumba wa Japani, imetolewa kwenye gari iliyokatwa. Mtumba kwa kawaida ni orijino. Kwa gari ya umri wa IST yako mimi mwenyewe ningekufungia taa mtumba ya Koito kabla ya hiyo mpya ya boksi lisilo na jina, na ningekuandikia kwenye karatasi neno MTUMBA, sio nikae kimya.

Kingine, IST ya zamani ilibadilishwa sura 2005, kwahiyo bampa za kabla na baada sio moja. Ukimwambia muuza spea "bampa ya IST" tu, atakupa aliyonayo halafu fundi atalazimisha na waya. Nenda na namba ya fremu, iko kwenye kibati ndani ya boneti. Ukifika na picha ya kile kibati unaheshimiwa.

Na hiyo karatasi ya mistari 14 uliyoikimbia mkuu, huyo ndo alikuwa fundi.

Mama wawili, Dodoma

Yangu ilikuwa rangi. Vitz nyeupe, imekwaruzwa mlango na pembeni nyuma. Kotesheni imeandikwa "rangi nyeupe". Mimi najua nyeupe ni nyeupe, kumbe kwenye kile kibati gari yangu ni 070, ile nyeupe ya lulu, na wao wakapiga 040, nyeupe ya kawaida. Kivulini huoni, ikitoka juani mlango unaonekana umetoka gari nyingine. Fundi aliyekuja kurekebisha akanieleza lulu inapigwa tabaka tatu, nyeupe ya chini, lulu yenyewe, halafu klia juu (ile rangi angavu ya kung'arisha), ndo mana ni ghali na wengi wanaruka hiyo ya katikati. Nimelipa rangi mara 2 kwa mlango mmoja. Dada zangu msione aibu kuuliza namba ya rangi iandikwe kwenye karatasi, mimi nilinyamaza nikidhani nitaonekana mjuaji.

Mdau wa bima

Niwasaidie wenye bima kubwa. Karatasi mnayopewa na gereji siku ya kwanza ni makadirio ya kinachoonekana kwa macho. Bampa likivuliwa kondensa ya AC inakutwa imetoboka, mguu wa chasisi umesogea, hapo inaandikwa nyongeza. Nyongeza ni halali kabisa ila ipitie kwa asesa (mkaguzi wa uharibifu) wa bima KABLA haijatengenezwa, aje aone, apige picha. Gereji wakitengeneza kwanza ndo waandike, bima inakataa na wewe ndo unabanwa hapo katikati, gari haitoki.

Angalieni pia eksesi, ile hela ya mwanzo unayochangia mwenyewe, na kama mkataba unaruhusu wakukate uchakavu kwenye spea mpya. Mteja wangu mmoja alifunga spea mpya tupu kwenye gari ya miaka 15 akashangaa anaambiwa achangie. Hakudhulumiwa, mkataba ulisema, hakuusoma. Na wale wa kujilipia, uliza kama bei ina VAT, 18% inakujaga chini kabisa ya karatasi baada ya wewe kukubali jumla ya juu. Ukiona bima wanakuzungusha bila sababu kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ipo kwa ajili yetu, itumieni.

Wa Mombasa

Hapa kwetu shida ni ile ile tu jina tofauti, mtumba wa Japani sisi twauita eksi-Japani. Mie niligongwa nyuma na matatu, gereji wakaandika buti mpya, nikalipa. Siku ya kuchukua gari nikasema nipeni lile buti la zamani niende nalo. Wakaanza kutazamana. Kumbe lile "jipya" ni langu lenyewe limenyooshwa na kupakwa puti nene, ile ya kuziba mabonde kwenye bati. Nilijua vipi? Nilikuwa na sumaku ndogo ya friji mfukoni, pahala penye bati yanata, pahala penye puti nene yateleza yaanguka. Jaribuni, haitaki ufundi. Tangu siku hiyo nikipeleka gari namwambia mtu mapema, vyuma vyangu vya zamani navitaka vyote, hata klipsi. Wajua, mtu akijua utavidai hawezi kukuandikia kitu ambacho hajabadilisha.

Niko Muscat

Wakuu wanaoagiza taa huku Ghuba au Dubai na Sharjah, tafadhali. Huku tunaendesha kulia, nyumbani kushoto. Taa ya gari ya huku hata iwe orijino ya Toyota mpya, mwanga wa chini umetengenezwa unyanyuke upande wa kulia, ukiifunga Tanzania au Kenya unampiga machoni anayekuja mbele yako. Kaka yangu alifunga kwenye Prado, kila akikutana na lori usiku anapigiwa taa, anadhani wana hasira naye. Inakaa vizuri kabisa kwenye tundu lake, ndo mana hakuna anayegundua.

Dereva, Mwanza

Mimi nasema moja tu, eabegi, ile mifuko ya hewa ya kukinga ajalini. Kama zilifumuka, kwenye kotesheni lazima uone mstari wa eabegi na mstari wa mikanda, maana mikanda nayo ina kilipuzi cha kuivuta, kikishalipuka haifai tena. Nilinunua gari mkononi, usukani mzuri, ila nikiweka swichi on ile taa nyekundu ya SRS, ya kuonya kuhusu eabegi, haiwaki kabisa. Inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Yangu ilikatwa. Tulipofungua usukani ndani mlikuwa na kitambaa. Nimebeba watoto miezi 8 na kitambaa.

Mleta mada

Dah, hiyo ya eabegi nimeisoma nikatoka nje kuwasha gari kuangalia taa. Imewaka ikazima, asante Mungu.

Nawashukuru sana. Nimerudi kwa wale wa mistari 14, wamenipokea bila maneno, wameandika upya: taa kulia mtumba Koito, chuma cha bampa mtumba, klipsi mpya za kopi, kusawazisha nafasi kati ya fenda na boneti, kupima mwelekeo wa magurudumu. Nimeomba waongeze mstari wa "spea za zamani arudishiwe mteja", wameandika kwa kalamu na wamegonga muhuri. Jana tumezunguka Gerezani na fundi wao na picha ya kibati, taa tumepata, chuma tumepata, kina vumbi la Japani na hakijawahi kunyooshwa.

Sponji ndo bado. Maduka yote wanazo za baada ya 2005. Mwenye kujua duka lenye sponji ya bampa la mbele IST NCP61 ya mwanzo aniambie, hata iwe Moro nitaifuata.