Kijana wangu anadondosha pasi za katikati, nimsaidieje?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua futiboli ya Kimarekani, hasa mnaolea vijana huku Marekani.

Mwanangu ana miaka 16, anacheza mpokeaji wa pembeni (yule anayekimbia na kudaka pasi) timu ya shule hapa Ohio. Mbio anazo, na akiwa peke yake hadondoshi kitu. Tatizo ni pasi za katikati: akihisi beki anamjia, macho yanauacha mpira kabla haujatua mikononi. Mechi mbili zilizopita amedondosha tatu za namna hiyo, na sasa kotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, hamtazami kabisa. Anarudi nyumbani kimya, na mimi niliyekulia soka Morogoro sina la kumwambia. Inaniuma.

Tumeiga zoezi la Amon-Ra St. Brown wa Detroit Lions, mpokeaji wa ligi ya kulipwa ya NFL, anayedaka mipira 202 ya mashine ya kurushia baada ya mazoezi. Huyo alichaguliwa wa 112 timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2021, wapokeaji 16 wakiwa wamemtangulia, na msimu huohuo wa kwanza akadaka pasi 90. Sisi hatuna mashine, namrushia mwenyewe, tunafika 100. Mikono imeimarika kweli, ila siku ya mechi hofu iko palepale.

Naomba kujua: kuna zoezi gani tunaloweza kufanya wawili tu, la kumzoesha kudaka huku akisukumwa, bila kumuumiza? Na je, amfuate kotabeki mwenyewe amwombe wafanye mazoezi ya ziada, au amsubiri kocha?

Natanguliza shukrani.