Magobore ya mbao kwenye matembezi ya mavazi Tabora: tuyabebeje bila kuzua balaa?

mwali_wa_cheyo anauliza:

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Nipo Tabora mjini. Tuna kikundi cha vijana tunaopenda kuvaa kama wahusika, wenyewe wanaita kosplei. Tulianza na katuni za Kijapani, mawigi, mapanga ya sponji, mambo hayo. Safari hii tumesema tuvae vya kwetu: rugaruga, yaani wapiganaji, wa mtemi Mirambo upande huu, watu wa mtemi Isike wa Unyanyembe upande ule, tutembee kwa miguu kutoka Isevya hadi viwanja vya Chipukizi, pale tuigize vita kidogo na watu wapige picha. Nguo nyekundu zipo, manyoya yapo, shanga tumeazima kwa bibi zetu.

Shida ni silaha. Rugaruga asiye na bunduki wala mkuki ni mtu aliyejifunga shuka tu. Kuna fundi katuchongea magobore ya mbao, kayapaka rangi nyeusi, mbele kaweka kipande cha bomba la chuma. Mazuri mno, ukiyaona unasema ya kweli. Na ndiyo hivyo, kuna watu wameyaona wakasema ya kweli: juzi kijana wetu kapakia mawili kwenye bodaboda kuja mazoezini, mgambo wakamshusha karibu na soko, wakamkalisha chini, watu wakajaa. Mpaka waelewe kuwa ni mbao, mtoto wa watu alikuwa anatetemeka. Mama yake sasa hataki hata kutajiwa kikundi.

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Tuyabebeje? Kuna kibali? Na ile sehemu ya Isike kujilipua na baruti tuifanyeje, maana vijana wanataka mlio.

Nawasilisha.

---

kijana_wa_reli:

Da, mbona jambo dogo. Pakeni rangi ya chungwa kwenye mdomo wa bunduki kama zile za kuchezea za Marekani. Kila mtu atajua ni bandia. Kwisha habari.

---

seremala_ngambo:

Mwangaluka wana Unyamwezi. Dada wa Cheyo, marahaba.

Mimi ni seremala, vitanda na milango ndiyo ugali wangu, ila vikundi vya ngoma na shule huniletea kazi za mikuki, ngao na bunduki za maigizo. Hayo magobore yenu sikuyachonga mimi, lakini nimeyaelewa kwa maelezo tu.

Kijana wa reli, rangi ya chungwa haitatusaidia hapa. Marekani ni sheria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, bunduki ya kuchezea iuzwe na alama hiyo mdomoni, na watu wamekua wakiijua. Mgambo wa soko letu nani kamwambia? Yeye ataona bunduki iliyopakwa rangi. Na hata huko kwao haijawa kinga. Novemba 2014, Cleveland, mtoto wa miaka 12 alikuwa na bunduki ya kuchezea kwenye bustani ya umma, ile alama ilikuwa imetoka. Polisi alimpiga risasi chini ya sekunde mbili tangu gari lao lisimame. Sekunde mbili! Mtu hawezi hata kusema "afande, ni ya plastiki".

Sasa njoo kwetu, ambako mambo ni magumu zaidi, na hili ndilo ninalotaka mlishike. Bunduki ya plastiki ya dukani inajulikana kuwa ya bandia kwa sababu ya kweli hutoka kiwandani, ni chuma kizito cheusi. Gobore ni tofauti. Gobore la kweli nalo limetengenezwa na fundi, chini ya mwembe, kwa mti na bomba. Warina asali wanayajua, wawindaji wanayajua, askari wa wanyamapori ndio wanayajua zaidi, maana hayo ndiyo wanayoyakamata kila siku porini. Kwa hiyo fundi wenu alipochonga vizuri, akapaka nyeusi, akachomeka bomba la chuma, hakutengeneza mfano wa gobore. Ametengeneza gobore ambalo bado halijakamilika. Mimi mwenyewe nikiliona mgongoni mwa mtu kwenye pikipiki jioni, nitapisha njia.

Kwa hiyo chomoeni hilo bomba leo. Mdomo uzibwe kwa mbao, kusiwe na tundu kabisa. Kisha ongezeni unene. Kitako kiwe kinene kuliko cha kweli, mtutu mnene kama mchi, halafu upakwe mistari myekundu na myeupe toka mwanzo hadi mwisho, si nchani tu. Mtasema tumeharibu. Hapana. Igizo huonwa kwa mbali. Mtu aliye mbali uwanjani ataona rugaruga na bunduki yake, ila aliye hatua tano barabarani ataona kitu cha ngoma. Ndivyo inavyotakiwa, uzuri wa kazi hii haumo katika kumdanganya aliye karibu.

Mikuki. Ncha isiwe mbao wala bati. Kateni ndala chakavu, unganisheni tabaka mbili kwa gundi ya viatu, chongeni kwa wembe, pakeni rangi ya fedha. Mafundi wengi hapa huishia hapo na hapo ndipo kosa lilipo: ule mti wa mkuki unapoingia ndani ya ndala, ukisukumwa kidogo unatoboa na kutokea upande wa pili, sasa una kijiti kikavu kinaelekea jicho la mtu. Mwisho wa mti uviringisheni kwanza, kisha uvalisheni tyubu ya baiskeli iliyokunjwa mara kadhaa na kufungwa kwa nguvu, ndipo ndala ije juu. Jaribu kwa kujichoma kiganja. Kama kinauma, rudia.

Urefu usimzidi mbebaji. Mkuki ukiwa mrefu, mbele unaulinda wewe, nyuma haulindwi na mtu. Unageuka kumwitikia rafiki yako, kitako cha mkuki kinamkuta mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Katika umati mkuki unasimama wima, hakuna kuuweka begani kama jembe.

Pinde zibebwe na uzi legelege usioweza kurusha kitu, na podo lijae mabua yasiyo na ncha yaliyogundishwa humo humo yasichomoke.

Kuhusu kubeba: kila kitu kwenye gunia, gunia lifungwe, lipelekwe uwanjani kwa mkokoteni au gari na mtu mzima mmoja mwenye barua mkononi. Pikipiki sahauni. Basi na treni vilevile, hata mkialikwa Urambo.

Baruti nitarudi kuiandikia, mteja kafika.

---

mzee_wa_kasulu:

Nimesoma. Mimi nipo Kigoma, nimestaafu ulinzi. Kwetu huku tumeishi miaka ambayo mabasi yanasindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi wa njiani, basi kijana akitokea na bunduki ya mbao kando ya barabara hachekwi na mtu. Fundi kasema kweli tupu.

Naongezea ya kibali. Mkitembea barabarani kwa kundi hayo ni maandamano hata kama mmevaa manyoya. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Nyinyi msingoje hizo 48, pelekeni wiki mbili mapema. Andikeni njia, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, na orodha ya vitu vya maigizo. Muhimu kuliko karatasi: bebeni gobore moja la mbao na mkuki mmoja, vimefungwa kwenye gunia, afande avishike kwa mikono yake. Ulizeni kwanza getini kabla ya kufungua gunia, msije mkalifungulia kaunta! Nakala kwa Afisa Utamaduni wa manispaa na mtendaji wa kata. Ombeni askari wa kutembea nanyi, huyo akiwa mbele mgambo hawana swali.

Njia isipite mbele ya Boma la Wajerumani wala karibu na kambi yoyote. Kwenye majengo ya jeshi hata kamera ni tatizo, sembuse bunduki.

Na huko kwenye katuni zenu, asije mtu na kombati au kitu kinachofanana nayo. Mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe nguo za jeshi. Hilo halina mzaha.

La mwisho si la usalama lakini linaniwasha. Mirambo na Isike msiwapiganishe. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, ile vita ambayo Stanley, yule msafiri wa Kizungu, naye alijitia, mtemi wa Unyanyembe alikuwa Mkasiwa. Mirambo kafa 1884. Isike kajilipua Januari 1893 Wajerumani walipoivamia ngome yake. Fanyeni maonyesho mawili.

---

sponji_na_mkasi:

Salaam toka Dar. Kwenye mikusanyiko ya kosplei ya nje kuna utaratibu mzuri ambao mnaweza kuuchukua kama ulivyo. Mlangoni kuna meza ya ukaguzi. Kila silaha ya bandia inapita pale, inashikwa, inakunjwa, inaulizwa imetengenezwa na nini. Ikikubalika inafungwa utepe wa rangi moja ya siku hiyo au kamba za plastiki zile za kubania nyaya. Upanga unafungwa kwenye ala yake usichomoke. Isiyo na utepe haingii. Msidharau. Phoenix, Marekani, Mei 2017, mtu aliingia kwenye mkusanyiko wa namna hiyo na bunduki za kweli zenye risasi, katikati ya watu waliovaa kama wahusika. Alikamatwa kabla hajafanya kitu, na palepale waandaaji wakapiga marufuku silaha zote za maigizo, watu wakaacha za kwao kwenye magari.

Binafsi ningeacha kabisa bunduki. Mikuki na ngao vinatosha.

---

mwali_wa_cheyo:

Asanteni sana, mzee wa Kasulu shikamoo. Hilo la Mkasiwa limetuumbua, wala hatukulijua.

Meza ya ukaguzi tutaweka. Kuacha bunduki vijana hawatakubali, na mimi pia roho inauma, maana rugaruga walisifika kwa bunduki.

Sasa kuna jipya. Kijana mmoja anasema babu yake kijijini ana gobore halisi, lina kibali, halijapigwa miaka na miaka, na yupo tayari kutuazima kwa ajili ya picha tu. Anasema halina kitu ndani. Fundi unasemaje? Na baruti hukumalizia.

---

seremala_ngambo:

Nimerudi. Dada, hilo la babu libaki kwa babu, lisivuke hata kizingiti.

Kibali ni cha babu, si cha mjukuu wala kikundi. Hilo la kwanza, na linatosha. La pili ni lenyewe lilivyo. Bunduki ya kisasa unaifungua ukaangalia. Gobore halifunguki. Baruti na marisau, zile risasi ndogondogo, huingia kwa mdomoni, vikashindiliwa kwa mti hadi chini, na ukilitazama kwa nje lililojaa na lililo tupu ni sawa. Mzee alilishindilia mwaka fulani kwa ajili ya nguruwe, nguruwe hakuja, akalitundika. Baruti iliyokaa kavu haizeeki kama watu wanavyodhani. Mwenye ujuzi hupima kwa kuingiza ule mti wa kushindilia mpaka uishe, kisha anaulinganisha na urefu wa bomba kwa nje. Ukigoma mapema, kuna kitu. Hilo si somo la kujifunzia kwenye kikundi cha mavazi. "Halina kitu" ni neno lililoua watu hata kwenye filamu zenye wataalamu wa kulipwa. New Mexico, Oktoba 2021, mpiga picha mkuu wa filamu aliuawa kwa bunduki ambayo walitangaza ni salama.

Wala msiseme basi tujaze baruti tupu bila risasi. Ule moto na yale matambara ya kushindilia yanatoka kwa nguvu. Mwaka 1984 mwigizaji mmoja wa Marekani alijiwekea kichwani, kwa mzaha, bunduki yenye risasi za mlio tu. Alikufa siku chache baadaye.

Kwa hiyo mlipuko wa Isike: ngoma kubwa moja, mapipa mawili matupu yapigwe kwa rungu kwa pamoja, na nyuma ya ngome yenu watu wawili wakung'ute magunia ya majivu yaliyopoa. Msitumie unga, na pasiwe na moto karibu. Isike aanguke, wote wakae kimya kidogo. Watu wataruka, nakuambia.

Ndugu wa Dar, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Ukiwanyima vijana bunduki ya mbao iliyokaguliwa, yupo atakayeleta yake kwa siri, nyeusi na ina bomba. Afadhali niijue.

Kuna hili pia halijasemwa: baada ya maonyesho. Watoto wa mtaani watazitaka na vijana wenu watachoka kubeba. Msigawe hata moja. Zihesabiwe zikitoka kwenye gunia, zihesabiwe zikirudi. Na kwenye picha hakuna kumlenga mtu asiyekuwa wa kikundi, hata akiomba mwenyewe, hata akiwa anacheka. Askari mliyepewa ndiye wa mwisho kabisa kulengwa, na najua kuna mmoja wenu ameshaliwaza.

---

kijana_wa_reli:

Nimekaa chini, fundi. Ngoma ninayo, mapipa naweza kuyapata. Naombeni niwe wa majivu.

---

mwali_wa_cheyo:

Karibu, tunafanya mazoezi Isevya jioni. Barua naandika usiku huu, njia tunaibadilisha isikaribie Boma. Fundi, kuyaongezea unene magobore kumi na mbili ni shilingi ngapi?

---

seremala_ngambo:

Njoo nayo Jumatatu asubuhi tuelewane, mchana nina milango ya mtu. Mabaki ya mbao ninayo, nitakutoza gundi na rangi na chai ya kijana wangu. Yalete kwenye gunia, na uje kwa miguu. Hayo mabomba ukishayachomoa usiyatupe jalalani, niletee nitayakata vipande vya bawaba.