Nina miaka 41 ila moyo wangu eti una 55, imekaaje hii?

Mzee_wa_Mwaloni: Wakuu habari za jioni. Juzi nimepima presha hapa Kirumba ikasoma 152/94, dogo mmoja akaingiza umri, uzito, presha na sigara zangu kwenye simu yake ikaleta moyo una miaka 55. Sasa ndo naondoka au?

Mama K: Huondoki popote kaka. Hapo hawajapima moyo wenyewe, ni hesabu tu, yaani hatari yako ya kupata ugonjwa wa moyo inalingana na ya mtu wa miaka 55 asiye na hayo mambo, na uzuri wake huo umri unashuka ukirekebisha. Presha irudie siku nyingine, kaa umetulia dakika 5 kwanza, usiwe umetoka kuvuta. Ikigoma kwenye 140/90 kwenda juu muone daktari, usinunue dawa kienyeji.

ngosha_87: Fegi ngapi kwa siku mkuu? Anza na hizo. Ukiacha mwaka mmoja tu hatari ya moyo inashuka karibu nusu ya anayeendelea kuvuta. Halafu chumvi, WHO wanataka chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja, sasa wewe na kayabo, yaani samaki wa chumvi, sijui mnaelewanaje 😂 kula sato wa kuchemsha bana.

Mzee_wa_Mwaloni: Kumi hivi, na kayabo ndo biashara yangu sasa dah. Jumatatu narudi kupima, na sukari kabisa.

Mama K: Uza, usile 😂